Nyanya Nzima

Mama yangu alikuwa bahili, na nasema hivyo bila kumvunjia heshima, kwa sababu mwenyewe alijivunia. Viazi alivimenya kwa ganda jembamba mno, ungesema anavikwangua tu. Majani ya chai yalichemshwa asubuhi, yakaanikwa, yakachemshwa tena jioni. Vipande vya sabuni vilivyokwisha, vya kufulia na vya kuogea, alivishindilia pamoja akapata donge lenye rangi tatu lisilotoa povu, na hilo ndilo tulilolitumia kuogea hata tukienda kwenye mikutano ya kanisa. Vumbi la mkaa alilikanda na udongo, akafinyanga matonge ya kuchoma kwenye sigiri. Maharage yaliiva polepole kwa moto huo, na sisi tulilalamika kwa sauti ya chini.

Lakini ubahili wake ulikuwa na makao yake hasa kwenye nyanya. Tangu Bukavu nilikozaliwa hadi hapa Kampala tulikokimbilia, sikumwona hata mara moja akinunua nyanya nzima. Alisubiri jioni wachuuzi wachoke, akachagua zilizobonyea na zilizopasuka, zenye doa jeusi ubavuni. Nyumbani alikata upande mbovu akautupa, upande mzuri ukaingia chunguni.

"Nyanya nzima ni ya kuangalia," alituambia. "Haiko ya kupika."

Nilipokuwa msichana nilimwonea aibu. Nilipopata mtoto wangu na kuanza kununua mwenyewe, nilijikuta nami nazibonyeza nyanya sokoni nikitafuta mbovu, nikajichekea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Korona ilipofika tulikuwa wanne katika vyumba viwili chini ya mlima wa Kibuli: baba, mama, mimi na binti yangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Mimi nilikuwa nasuka nywele saluni, na saluni zilifungwa siku za mwanzo kabisa. Baba hakuwa na kazi kwa miaka mingi, maana kifua chake kilikwisha kwa vumbi la machimbo ya dhahabu alikochimba ujana wake wote. Akipanda ngazi tatu alisimama kupumua. Aliyetulisha alikuwa mama, kwa sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe, na ndagala, dagaa wetu, alizouza katika soko moja pale Nakivubo.

Ndipo wauza chakula wakaambiwa wachague: walale humo humo sokoni, wasitoke, au wafunge biashara wakae nyumbani. Mama hakufikiri sana. Alikunja mkeka, akachukua chandarua na vitenge viwili, akasimama mlangoni na barakoa aliyoishona kutokana na mfuko wa mto.

"Hakuna mutu anakuja kule," alisema, akinitazama mimi. "Wote tuko tunakoholeana. Ukikuja, utarudia na ile kitu hapa, na baba yako hataimaliza hata juma. Unasikia?"

Nilisikia. Baba naye alisikia, akageukia ukutani.

Kuhusu simu, alipanga kama alivyopanga kila kitu. Simu yangu nilikuwa nimeiuza tukanunua unga na mkaa, ikabaki ya baba, na salio lililomo lilikuwa la kuitia gari la wagonjwa kifua kikimbana. Halikuguswa kwa jambo lingine. Kwa hiyo mama angebipu jioni, adhana ya magharibi ikilia pale msikitini. Mara mbili, maana yake mimi mzima. Mara tatu, kuna shida. Na asiyetaka ugomvi naye asithubutu kupokea, kwa sababu ukipokea unakula pesa.

Basi jioni zetu zikawa hivyo. Adhana ililia, sauti ikawaomba watu wasalie majumbani mwao, na sisi Wakristo watatu tulikaa kuizunguka simu mezani. Ililia ikakatika. Ililia tena ikakatika. Baba aliirudisha kwenye mfuko wa shati, akasema, "Mama yenu ameshasema," na hapo ndipo tulipakua chakula.

Chakula chenyewe kilikuja na mtu wa bodaboda. Pikipiki ziliruhusiwa kubeba mizigo, ila mtu hapana. Hilo sikulizoea. Nilikaa kizingitini nikaona mikungu ya matoke ikipanda mlima kwa pikipiki, na nyuma yake mwanamke mwenye mimba kubwa akitembea kwa miguu kwenda hospitali, ameshika kiuno, kila hatua chache anasimama. Hakuna aliyethubutu kumpakia, kwa sababu askari walikuwa njiani na fimbo zao. Nilimwangalia hadi akapotea kwenye kona.

Kiroba cha mama kilikuwa kama mama mwenyewe. Sombe iliyofungwa vizuri, ndagala za mwisho wa gunia zilizojaa vichwa, vitunguu vilivyoota, na nyanya zake, kila moja na jeraha lake. Binti yangu alizipanga sakafuni akazipa majina ya maradhi. Hii ina tetekuwanga, hii imevunjika mguu. Nilikata pabovu nikapika, na nyumba ikanukia kama mama yupo.

Halafu kikaja kiroba ambacho sombe yake haikuwa ya mama. Ilikuwa imetwangwa kwa haraka, nyuzi bado zimo. Nilisema moyoni, kachoka, kulala sakafuni si mchezo. Nikaingiza mkono chini nikatoa nyanya.

Zilikuwa nzima. Nilizigeuza moja moja nikitafuta doa, sikuliona. Nyekundu, ngumu, zinang'aa, nyanya za kupangwa mbele ya meza ili mteja avutike. Binti yangu alipiga makofi, akaila moja mbichi kwa chumvi, maji yakamtiririka hadi kwenye viwiko.

"Bibi amekuwa tajiri," alisema.

Mimi nilishikwa na hofu. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye mama yake si bahili. Ningeletewa habari mbaya kwa maneno labda ningebisha, lakini zile nyanya sikuwa na la kuzibishia. Nilizipika kwa sababu hakukuwa na kitu kingine. Baba alikula ugali wa posho na ndagala, vipande vya nyanya akavisogeza pembeni mwa sahani. Nilimuuliza kama zimemkera kifua. Akasema ameshiba.

Jioni ile simu ililia mara mbili, kama kawaida.

Kiroba kilichofuata kilikuwa na nyanya nzima tena, na karoti. Karoti, nyumbani kwetu. Mama aliziita mboga za watu wenye gari. Nikamshika mpanda boda kabla hajageuza pikipiki, nikamuuliza nani anampa mzigo.

"Nyabo, dada, mimi nabeba tu," alisema. "Wananipatia kwa geti, nareta. Mambo ya ndani sijui."

"Mama mwenyewe ndiye anakupa? Mfupi, amefunga kitenge cha kijani?"

Alitazama barabara. "Hapo kwa geti iko watu mingi. Wote wamefunga mudomo." Akawasha, akaondoka bila kudai ile bilauri ya maji ambayo siku zote aliidai.

Dalili ya mvua ni mawingu. Siku hiyo nzima nilizunguka chumbani nikifuta vitu visivyo na vumbi. Nilitaka kwenda Nakivubo, si mbali, nimeitembea njia ile maisha yangu ya utu uzima. Kisha baba alikohoa, kikohozi chake kirefu cha kuvuta kitu kisichotoka, nikakumbuka mama alivyosimama mlangoni. Nikienda nikarudi na ugonjwa, nitakuwa nimemuua. Nisipoenda, sijui kule kuna nini. Nilimchukia mama kwa kuniachia chaguo la namna hiyo, nikajichukia kwa kumchukia.

Adhana ilipolia niliiwahi simu. Ilipoita tu nikapokea.

Nilisikia soko. Kelele za masufuria, mtoto analia mbali, redio. Na karibu kabisa, pumzi ya mtu.

"Mama?"

Pumzi ikasimama. Kisha simu ikakatwa.

"Umekula pesa ya mama yako," baba alisema. Alinyoosha mkono, nikampa simu, akaiweka mezani tukaingoja. Ilichelewa hata nikadhani haitalia tena. Kisha ikaita mara moja, ikakatika. Baba aliifunika kwa kiganja chake chote, akakaa hivyo, na hakusema kwamba mama yetu ameshasema. Tulikula baadaye sana, chakula kikiwa kimepoa.

Asubuhi nilimwambia natoka kutafuta mkaa. Hakuuliza kwa nini nimefunga kilemba cha kanisani. Nilishuka mlima, nikaifuata njia ya reli, nikauvuka mtaro wa Nakivubo ambao nilizoea kuuvuka nikisukumwa na watu pande zote, na leo nilivuka na mbwa tu. Maduka yote yalikuwa na makufuli. Getini walinimwagia maji yenye dawa mikononi, wakaniacha nipite.

Ndani, soko lilikuwa limegeuka kijiji. Vyandarua vilining'inia juu ya meza, nguo za ndani zilianikwa juu ya kabichi, wanawake wamelala mchana katikati ya magunia. Nilienda moja kwa moja kwenye meza ya mama. Ilikuwa imesuguliwa ikawa nyeupe. Kinu chake kilikuwa kimepinduliwa chini, mdomo umeelekea ardhini, na mchi umelazwa juu yake.

Jirani yake wa meza alikuwa mama mmoja wa Kiganda aliyeuza vitunguu na nyanya. Mama alimtaja kila mara, ama kwa kumsifu ama kwa kulalamika kwamba anapunja. Aliponiona aliweka kisu chini. Nilikuwa sijavua barakoa, lakini alinijua. Wanasema macho nimemwibia mama.

"Alisema usikuje," aliniambia.

"Yuko wapi?"

Alinivuta nikakaa juu ya gunia, akanieleza kwa Kiswahili chake cha soko, polepole, mikono ikiendelea kuchambua vitunguu kana kwamba ikisimama atashindwa kusema. Mama alianza kwa homa. Akanywa dawa za malaria, akatwanga sombe. Siku ya pili hakuweza kuinua mchi. Usiku alishindwa kupumua.

"Tuliita mutu wa boda, akakataa. Tukaita mwingine, akakataa. Wanabeba vitunguu yangu kira siku, rakini mutu, hapana. Basi tukamuweka kwa toroli. Ire ya mizigo. Tukamsukuma mpaka hospitari."

"Halafu?"

"Wakamupokea. Sisi wakatufukuza. Nilirudi kuuriza, kira siku nilirudi kuuriza. Siku ya mwisho wakasema wamemuzika. Watu wa ofisi ya city wenyewe, na nguo zao nyeupe." Alifuta uso kwa mkono wenye vitunguu. "Wengine wanasema ni malaria. Wengine wanasema ni hiyo kitu. Mimi sijui."

Sikulia pale. Niliuliza swali la kijinga, lakini ndilo lililokuwa mdomoni. Niliuliza kwa nini alitutumia nyanya nzima.

Alinitazama bila kuelewa. "Pesa yake iriisha zamani. Hii ni yangu. Sasa mimi natoa mbovu napereka kwa watu wenye wamepoteza mama?"

Alitia mkono kifuani akatoa simu ya mama, bado imefungwa kwa ule mpira wa kuzuia betri isidondoke. Njiani, akiwa kwenye toroli, ndipo mama alipompa na kumwagiza, kila maneno mawili akivuta pumzi. Kubipu mara mbili, adhana ikilia. Mzee asijue mpaka mambo yafunguliwe, kifua chake hakitabeba. Na mimi, binti yake, nisije. Mama wa vitunguu aliniambia pia kwamba jana nilipopokea, alikaribia kufa kwa aibu.

Nilimkumbatia, jambo lililokatazwa siku zile. Nikanunua mkaa kidogo ili nisiwe nimesema uongo wote, nikarudi na simu imefungwa ndani ya kitenge tumboni. Nililia njia nzima ya reli, kwa sauti, hakukuwa na wa kunisikia.

Nyumbani nilikaa mbali na baba, nikamwambia nimekutana na watu wengi, aniache nijitenge siku chache kwenye kibaraza. Alikubali kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaamua. Mama alichagua, nitalinda alichochagua.

Adhana ilipoanza nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kati ya ukuta na choo. Nilibonyeza namba ya baba. Ndani nilisikia simu ikiita juu ya meza. Nikakata. Nikabonyeza tena, ikaita, nikakata.

Nilingoja aseme, "Mama yenu ameshasema." Hakusema. Nilisikia tu binti yangu akiuliza kama sasa tunaweza kupakua. Nikafikiria jioni itakayofuata, na ile itakayofuata hiyo, mimi hapa ukutani, yeye pale mezani. Kidole changu kikabonyeza mara ya tatu.

Niliiacha ikaita muda mrefu. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa, baba akatoka na shuka begani, simu inaita mkononi mwake. Hakuwa na haraka. Alisimama kupumua, akanitazama mimi, kisha ile simu ya mama yenye mpira mkononi mwangu.

"Ingia mu nyumba, mutoto wangu, kuko baridi," alisema. "Mama yako hakununuaka nyanya nzima hata siku moja."