Mume Wetu Yumo Dawani

Niliolewa nikiwa mke wa pili, na mke mkubwa alikuwa bibi yake mume wangu, mama aliyemzaa baba yake. Asicheke mtu. Kwetu Ruaruke bibi na mjukuu wake wa kiume ni mtu na mkewe kwa utani, na bibi huyu utani aliushika kwa mikono miwili. Siku naingia nyumbani kwake, mwali bado nanukia liwa, alinizunguka akanikagua mbele na nyuma kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Mume wangu, huyu ndiye uliyenitafutia wa kunisaidia kutwanga? Mikono yenyewe ndiyo hii?" Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuzaliwa na subira. Nikamjibu, "Bi mkubwa, wewe umeshazeeka, tuachie wenzio." Akanipenda kuanzia hapo, na kunisumbua pia kuanzia hapo.

Bi mkubwa alikuwa na dawa yake ya uchovu. Miaka ile Mdachi alikuwa ametuingiza kwenye pamba. Watu wanalima shamba la jumbe, askari kasimama nyuma na kiboko, na mpunga wako mwenyewe huko bondeni unaliwa na nguruwe kwa kukosa mlinzi. Wanaume walikuwa wakirudi jioni hawana nguvu hata ya kugombana na wake zao. Basi wakawa wanapitia kwa Bi mkubwa. Kwa mwili uliochoka alikuwa na chungu cha maji meusi, makali, unakunywa kifuu kizima huku umeziba pua. Kwa moyo uliochoka, yaani yule mtu anayeshtuka ovyo, halali, anagombana na kuku, alikuwa na mafusho: majani yanatokota, mgonjwa anainama juu ya chungu, anafunikwa nguo nzito, anatoka jasho mpaka anamwita mama yake. Akifunuliwa hapo analala fofofo. Watu walisema dawa kali. Mimi nasema hata mbuzi ukimfanyia vile atalala.

Na mtu akishaingizwa dawani alikuwa na miiko yake. Hali chumvi, hali kambale, na hagusi dawa ya mganga mwingine mpaka yule aliyemwingiza amtoe mwenyewe, kwa kumwogesha na kumchinjia kuku. Huo wa mwisho haukuwa wa Bi mkubwa peke yake, waganga wote wa kwetu waliuheshimu. Mganga anayemtia mkono mgonjwa wa mwenziwe ni mwizi tu, na tena dawa mbili zikikutana tumboni zinapigana, na uwanja wa vita ni wewe.

Kisha maji yakaja. Habari zilishuka kutoka juu ya mto na kutoka milima ya Umatumbi: kuna dawa, ukiinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Tukasikia huko milimani wameshang'oa pamba. Jumbe wetu akahamia bomani kwa Mdachi na wake zake wote bila kuaga mtu. Vijana walikuwa wanatembea vifua mbele, na hakuna aliyesema tena amechoka. Chungu cha Bi mkubwa kikapoa.

Lahaula, yule mama alivyoghadhibika! Alikaa kizingitini akimsemesha kila apitaye. "Maji! Mimi nimechimba mizizi mpaka mgongo umepinda, leo watu wanafuata maji! Kwani mto hapa umekauka?" Nilimwambia, "Bi mkubwa, una wivu." Akasema, "Ndiyo, ninao. Mwenye kazi yake lazima awe na wivu."

Mume wangu naye akawaka moto. Alikuwa na swahiba wake, waliingia jando pamoja, mtoto pekee wa mama mmoja mjane aliyekuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta. Kila asubuhi yule kijana alikuwa akija mlangoni na mkuki wake. "Hodi! Twende, wenzetu wanatuacha." Na mume wangu kila asubuhi anatafuta mkuki wake haupo, maana mimi nimeuficha darini, kwenye kuni, chini ya mkeka. Niliogopa, sina haya kusema. Mume nilikuwa nimekaa naye msimu mmoja tu wa mpunga, na kati ya msimu huo nusu nzima tulinuniana. Nililia, nikanuna, nikamwita majina. Hakusikia.

Ila alifanya kosa moja. Alikwenda kwa bibi yake kuomba nguvu za safari. "Mke wangu mkubwa," akamwambia, "njia ni ndefu. Nipe kidogo ile ya uchovu."

Bi mkubwa akamsogezea kigoda. "Kaa," akasema.

Kesho yake tukaambiwa mume wetu yumo dawani, hatoki mpaka atolewe. Na safari hii miiko ilikuwa imeongezeka. Halali na mkewe pia. Atalala kwa Bi mkubwa, kwenye mkeka, kichwa upande wa mlango. Nikasema haya, makubwa haya! Mwenzangu kaninyang'anya mume mchana kweupe.

Haikupita muda mleta maji akafika kijijini kwetu. Alikuwa mtu wa milimani, kibuyu begani, Kiswahili chake kizito cha Kimatumbi, na wanaume wakamfuata nyuma kwa heshima. Swahiba wa mume wangu akamleta moja kwa moja uani kwetu. Wakamkuta mwenyewe kainama juu ya chungu, kafunikwa gubigubi, mvuke unatoka pande zote.

"Na huyu?" mleta maji akauliza.

"Huyo yumo dawani," akasema Bi mkubwa.

"Dawa ya nini?"

"Ya uchovu. Na moyo wake hautulii."

"Sijachoka!" sauti ikatoka chini ya nguo.

"Unamsikia anavyoweweseka?" akasema Bi mkubwa.

Yule bwana akachutama, akaunusa ule mvuke, akapiga chafya, akatikisa kichwa kwa adabu. Alikuwa mtu wa kazi, anajua kazi za wenziwe. "Mama, huyu ni wako," akasema. "Mtoe, nami nitampa yangu."

"Nitamtoa akiwa tayari."

"Lini?"

"Mimi nimekuuliza maji yako umeyachota wapi?"

Yule bwana akacheka, akanyanyuka. Akawanywesha wote waliokuwa pale, akawanyunyizia, na swahiba wa mume wangu alikuwa wa mbele kabisa, kafumba macho, maji yanamtiririka mpaka kifuani na yeye anatabasamu. Lakini kila mleta maji alipomkaribia mume wangu alikuwa anazunguka mbali, kainua kibuyu juu, asije akamdondoshea hata tone. Chini ya nguo mtu anapiga kelele, "Mimi je? Jamani, mimi je?" Nilicheka mpaka nikaingia ndani.

Basi ikawa mbio za kumtoa. Bi mkubwa akasema aletwe kuku mweupe. Akaletwa. Akamgeuza, akampekua, akapata unyoya mweusi chini ya bawa. Huyu hafai. Akaletwa mwingine, akawekwa kwenye tenga, asubuhi tenga liko wazi na kuku hayupo, na Bi mkubwa anasikitika kuliko wote. Akapatikana wa tatu, akasema mwezi unakufa, mtu hatolewi dawani mwezi ukifa, atatoka na nguvu zake zitakufa nao. Mume wangu akawa anakula wali hauna chumvi, anafukizwa, analala, na kwa kuwa pamba imeng'olewa na kazi hakuna, akaanza kunenepa mashavu. Mtu anakwenda vitani ananenepa! Vijana wakawa wanamtania, "Bwana harusi, hujambo?"

Mimi subira ikaniisha. Nilikwenda kwa Bi mkubwa nikamkuta peke yake jikoni, anakoroga. Nikamwambia, "Bi mkubwa, utani una mwisho. Nirudishie mume wangu."

Akachota kwenye upawa, akanipa. "Onja."

Nikaonja. Nikaonja tena. Ilikuwa kivumbasi na tangawizi, na weusi wake ni masizi ya chungu.

"Bi mkubwa, hii si ile ile mama alikuwa akinipa nikipata mafua?"

"Ndiyo hiyo."

"Na miiko?"

"Haina mwiko. Yote niliitunga mimi."

"Hata ule wa mke?"

"Ule uliniponyoka," akasema. "Nilipoanza kutaja nikashindwa kunyamaza."

Nikataka kucheka, nikamwona analia. Hakuwa mtu wa kulia. Akaendelea kukoroga huku machozi yanaingia chunguni. "Baba yake nilimzika kijana," akasema. "Yale maji siyajui. Huenda ni kweli, sikufuru. Lakini bunduki nazijua, niliziona Wadachi walipokuja mara ya kwanza. Mume wangu huyu simtoi."

Nikakaa chini, nikavuta kinu, nikaanza kutwanga tangawizi. Toka siku hiyo natwanga mimi, na mume akilalamika kwamba dawa imezidi ukali, namwambia, "Kunywa, bwana, huo ndio uzima wako." Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Tulikuwa wake wenza wenye siri moja, na nyumba yenye wake wenza wa namna hiyo mwanamume hana pa kupita.

Asubuhi ya kuondoka swahiba alikuja kama kawaida, na wenziwe wanamsubiri njiani. Mume wangu akamwambia, "Nisubiri, mwezi umebakia kidogo uandame." Yule kijana akacheka, akamshika bega. "Wewe tulia na wake zako wawili. Nitakuletea bunduki moja." Akaenda zake na mama yake anamsindikiza mpaka kwenye njia panda, kambebea kifurushi cha mihogo ya kuchemsha.

Mume wangu alilia kwa hasira. Akakipiga kifuu ukutani, akamtukana bibi yake matusi ambayo hata kwa utani hayatamkwi. Bi mkubwa akaokota vipande. "Hasira ni dalili nzuri," akasema. "Dawa inafanya kazi."

Risasi hazikugeuka maji. Habari zilikuja kidogo kidogo, kwa watu waliokuwa wanapita wakikimbia, na kila aliyepita mama wa swahiba alikuwa anamuuliza. Wachache walirudi. Swahiba hakurudi. Siku habari yake ilipofika, mume wangu alitoka dawani bila kuogeshwa wala kuchinjiwa kuku. Alitoka tu, akakaa nje, na hakuna aliyemzuia.

Kisha askari wakaja kuchoma maghala. Tukakimbilia delta, mto unapoingia baharini, upande wa Maparoni, tukiwa na yule mama jirani. Mume wangu alimbeba bibi yake mgongoni, na bibi njia nzima anamsema. "Taratibu! Mimi si gunia la mpunga. Bi mdogo, mwambie mumeo asinitikise." Tulivuka kwa mitumbwi ya watu tusiowajua, wakatupa pa kujibanza kando ya mikoko. Tulikula kaa, na siku nyingine hatukula.

Huko watu walikuwa wamekwisha kwa hofu na uchovu. Mtu anadondosha upawa, wengine wanaruka. Bi mkubwa akaona kivumbasi kimeota nyuma ya vibanda, macho yakamrudia. Akaomba chungu, akachemsha, akawa anagawa, mzee yule na ulimi wake, akimwambia kila mtu jinsi alivyokonda. Nilifurahi kumwona vile. Zamu ikamfikia mama wa swahiba, ambaye tangu habari zile alikuwa halali, anakaa tu akitazama njia ya maji.

Akapokea kifuu. "Bibi," akauliza, "miiko yake ni ile ile? Maana mimi nimekula kaa wa chumvi sasa hivi."

"Aah, kunywa mwanangu," akasema Bi mkubwa. "Kula chochote utakachopata. Haina mwiko hii."

Kifuu kikasimama mbele ya mdomo.

"Haina mwiko?"

"Haina."

"Tangu lini?"

Bi mkubwa akachukua upawa, akakoroga chungu. Mimi nikajishughulisha na moto, uliokuwa unawaka vizuri tu. Mume wangu alikuwa anapasua kaa pale karibu, na kisu chake kikanyamaza.

Yule mama alikunywa polepole mpaka mwisho, kwa kuwa njaa haichagui. Akakirudisha kifuu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Wangu naye alikuwa amechoka, bibi," akasema. "Na kila asubuhi alikuwa mlangoni kwako."

Mume wangu aliweka kisu chini. Hakumtazama bibi yake, wala mimi hakunitazama. Aliinuka, akaenda kukaa karibu na yule mama, akamwita mama, akamuuliza kama ameshiba.