Mjomba Sururu na Mkato Uliopotea

Mjomba wangu alitafuta migodi iliyopotea kwa miaka arobaini na mmoja, na ukimuuliza alipata mingapi atakuambia huna adabu. Watu wanamwita Sururu, kwa sababu ya sururu aliyokuwa akiibeba begani hata akienda kunyoa. Anaishi kwangu, chumba cha uani, nyuma ya kile ninachoshonea nguo za watu. Chini ya kitanda chake kuna makopo saba ya maziwa ya unga yaliyojaa mawe. Kila nikifagia natupa jiwe moja nje, naye kila jioni analirudisha ndani. Tumezoeana hivyo.

Mawe yenyewe hayana dhahabu hata ya kuziba jino. Kila jiwe ni la mtu. Hili ni la mpishi wa kambi aliyemwuguza tumbo kwa uji wa chumvi, lile ni la dereva wa greda aliyempa lifti siku mbili mfululizo bila kumwuliza anakwenda wapi, maana na yeye dereva alikuwa amepotea. Ukimshika Mjomba mkono ukampeleka kwenye kopo lolote, hata sasa ambapo mtoto wa jicho amemfunika macho, atalipapasa jiwe na kukutajia mwenyewe, na atakusimulia mpaka chai ipoe.

Mgodi uliopotea, kwa asiyejua, ni mgodi ambao waliouchimba zamani waliuacha, wakafa au wakahama, msitu ukaufunika mdomo, na watu wakabaki na hadithi. Ukiulizia, kila mtu anaujua, na kila mtu ananyoosha kidole upande wake. Mjomba alikuwa na mbinu zake. Aliangalia kokoto nyeupe zilizopondwa, kwa sababu mawe hayajipondi yenyewe. Aliosha mchanga kwenye karai mtoni mpaka vidole vikakunjamana. Na jua likianza kushuka alikaa mlimani kuangalia popo wanatokea wapi, maana popo wengi wakitoka ardhini, ardhi hiyo ina tundu. Aliwahi kufuata popo siku nne kwa miguu akaishia kwenye dari la ghala la pamba. Mlinzi wa ghala yuko kwenye kopo la tatu.

Lakini rafiki wa marafiki alikuwa Karani.

Walikutana kwenye ofisi ya vibali, dirisha la pili. Mjomba alikuwa amejaza fomu, na kwenye nafasi iliyoandikwa kazi ya mwombaji aliandika neno moja tu: Natafuta.

"Unatafuta nini?" Karani akauliza.

"Mgodi."

"Uko wapi?"

"Bwana mkubwa, ningejua uko wapi ningeandika nimepata."

Karani hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu, akaweka nukta mwishoni mwa lile neno, akapuliza wino ukauke. "Sasa ni sentensi," akasema, akagonga muhuri. Mjomba alirudi nyumbani akitangaza kwamba serikalini kuna mtu mmoja mwenye akili.

Miaka ikapita, kibali baada ya kibali. Wiki ambayo Karani alistaafu, alipewa kazi ya mwisho ya kusafisha stoo ya mafaili, na humo akakuta karatasi ya msimamizi wa mgodi wa zamani, mgodi uleule ambao Mjomba alikuwa ameuota nusu ya maisha yake. Hakupitia hata kwake. Alikuja moja kwa moja hapa, jasho linamtoka, saa ya ukutani aliyopewa kama zawadi ya kuagwa ikiwa bado kwapani. Karatasi ilisema hivi, neno kwa neno, bila alama yoyote: ukifika njia panda kushoto hadi mwamba mweupe shimo liko nyuma yake.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Ni wazi kabisa," Karani akasema. "Ukifika njia panda, mkato, kushoto hadi mwamba mweupe. Barabara inapogawanyika unashika ya kushoto."

"Wapi!" Mjomba akasema. "Ukifika njia, mkato, panda kushoto! Ukishaikuta njia unapanda mlima. Dhahabu gani inakaa barabarani?"

"Ndugu yangu, nimesahihisha barua za wakurugenzi."

"Hao wakurugenzi walichimba nini?"

Kalamu ilishinda. Misimu mitatu ya kiangazi wazee hawa wawili walikwenda kwenye ile njia panda, wakashika kushoto, na mwaka wa tatu wakaukuta mwamba mweupe kweli. Nyuma yake ardhi ilikuwa imebonyea. Mjomba alipiga magoti akashukuru. Walichimba siku tisa kwa zamu. Siku ya tisa akapita mzee na mbuzi wake, akasimama akawatazama kwa huruma, akawauliza kwa nini wanafukua choo cha wajenzi wa barabara.

Walicheka njia nzima ya kurudi, Mjomba mwenyewe ananiambia. Walicheka mpaka kondakta akawahamisha viti. Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya wawili. Lakini Mjomba akipata wasikilizaji hutia chumvi mpaka mwenyewe anashikwa na kiu. Wiki iliyofuata, kwa kinyozi, benchi limejaa, Karani yuko kwenye kiti na kichwa kimenyolewa nusu, Mjomba akaanza.

"Miaka thelathini na minne ameshika kalamu," akasema, "siku ya siku mkato mmoja ukampiga chenga, akatuchimbisha choo siku tisa!"

Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine. Mtu wa kwenye benchi akasema kumbe tuna Mhandisi wa Choo hapa mtaani, na jina likashika palepale. Karani aliinuka, kitambaa shingoni, nusu kichwa nywele na nusu upara, akatoka nje. Kitambaa alikirudisha kesho yake, kimefuliwa na kupigwa pasi. Salamu ya Mjomba hakuirudisha. Watoto walimwita Mhandisi mpaka akabadilisha njia ya kwenda dukani, na hilo lilimuuma kuliko yote, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mtu wa kuheshimiwa dirishani.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Miaka minne, nyumba kwa nyumba ni mwendo wa kumaliza pipi mdomoni, na hawasemeshani. Nilimwambia Mjomba aende akaombe radhi. Akasema utani ni utani. Nikamwambia utani unawafurahisha wawili. Akajitia kiziwi. Mimi si mtu wa kubembeleza, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Halafu Jumatatu kinyozi akaja kuchukua suruali yake, akasema kwa kupita tu kwamba Karani anahama. Binti yake anamchukua, anaishi mbali, safari ya siku mbili, na basi ni la Jumamosi. Hatarudi, na nyumba imeshapata mpangaji.

Mjomba alikwenda chumbani akakaa kitandani, na chai niliyompelekea niliikuta vilevile jioni. Nilipomwuliza kama anaumwa alisema, "Mpwa wangu, mtu akifa unazika unajua moja. Huyu yuko hai na nitamkosa hivihivi." Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana miaka minne yote hiyo alikuwa na miguu.

Kupiga simu hakukufaa, Karani angeikata. Kwenda mwenyewe aliogopa kufungiwa mlango mbele ya majirani. Akaamua kuandika barua, na kwa kuwa macho hayaoni, mwandishi nikawa mimi. Nilichukua karatasi iliyokuwa karibu, ile ninayoandikia vipimo vya wateja, na ile kalamu nene ya kuchoria kitambaa. Mjomba alisimama wima kama yuko mahakamani, akatamka: rafiki yangu nimekosa nisamehe nakuomba usije ukaondoka bila kuniaga. Herufi zangu ni kubwa. Upande wa kwanza ukajaa, nikamalizia nyuma, kwenye nafasi iliyobaki chini ya vipimo vya mteja mmoja. Jumanne asubuhi nikaipenyeza chini ya mlango wa Karani.

Jumatano Mjomba akavaa shati la pasi, akakaa kwenye kiti mlangoni pangu, wateja wanamruka. Hakuja mtu. Alhamisi shati lilelile. Kila mlio wa viatu alikuwa anageuza sikio, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Jioni akaniambia nisimpigie pasi tena.

Ijumaa alasiri Karani akatokea. Nilimwona tangu kona, fimbo mkononi, anatembea kwa hasira ya mtu aliyesoma. Hakubisha hodi. Akaiweka ile karatasi juu ya cherehani yangu, na ilikuwa imejaa wino mwekundu.

"Mwambie mjomba wako," akaniambia mimi, na Mjomba yuko hatua mbili, "mimi ni mtu mzima. Mtu ananiomba msamaha, halafu papo hapo anasema nakuomba usije. Usije! Siku tatu niko na karatasi hii. Nimeweka mkato hapa, nikaufuta, nikauweka pale. Popote niuwekapo bado ni usije! Sasa nimekuja kuuliza, kwa nini nisije?"

"Mzee," nikasema, "uligeuza nyuma?"

"Nyuma kuna kiuno cha mtu."

"Geuza, Mzee wangu."

Akashusha miwani kwenye ncha ya pua, akasoma kwa sauti ileile ya dirisha la pili: "Kiuno thelathini na nane, nyonga arobaini na nne, ukaondoka bila kuniaga."

Nilishika mkasi nisicheke. Karani akageuza mbele, akageuza nyuma, akageuza mbele tena. Mabega yakaanza kumtikisika, na kabla sijajua analia au anacheka, Mjomba akapasuka kwa kicheko, na Karani naye akafuata, akaegemea ukuta, fimbo ikamdondoka. Mteja aliyekuja kujaribu gauni aliondoka.

Walipochoka, Mjomba aliinuka, akanyoosha mkono kuelekea mahali alipodhani Karani yupo. Alikosea, akamshika sikio.

"Nilikuaibisha mbele za watu," akasema. "Ulikuwa utani wetu, nikaugawa. Nimekosa, Karani. Hapo weka nukta."

"Nimeiweka," Karani akasema.

Niliwapa viti na chai, nikajifanya nashona. Walizungumza magoti yao, wakazungumza shinikizo la damu, nani kafa na nani kaoa tena. Kisha Karani akauliza polepole, "Na ule mlima? Ulipanda?"

Mjomba akageuza uso upande wangu, halafu akauondoa. "Nilipanda."

"Lini?" nikauliza mimi, cherehani imesimama.

"Mwaka juzi. Ile safari ya kliniki ya macho."

Nilimpakia mwenyewe kwenye basi! Nilimfungia na mkate! Akarudi baada ya wiki akaniambia daktari kasema jicho lisubiri. Nilitaka kusema, lakini Karani alininyamazisha kwa kidole.

"Ukaona nini, Sururu?"

"Nikaikuta njia, nikapanda kushoto, nikakuta mwamba. Mweupe kama sahani. Nyuma yake shimo, na ubaridi unatoka, na reli mbili za chuma zimeota kutu. Ndiyo wenyewe, Karani. Msimamizi wako hakudanganya."

Nilisahau hasira. Miaka arobaini na mmoja watu wamemcheka, mimi nikiwemo, na alikuwa ameupata, akanyamaza miaka miwili akila ugali wangu na kuokota mawe yangu ya kufagia.

"Ndani kuna nini?" Karani akanong'ona.

"Sijui. Sikuingia."

"Hukuingia! Maisha yako yote unautafuta, umefika mdomoni, hukuingia?"

"Linashuka wima," Mjomba akasema. "Kamba nilikuwa nayo. Nikaifunga kiunoni, kisha nikageuka nimpe mtu ncha ya pili aishike." Akapapasa kikombe chake. "Nilikaa pale mpaka jua likaanza kuzama. Nikaikunja kamba, nikarudi."

Mjomba alilia hapo. Nasema wazi kwa sababu yeye atakana. Karani hakumbembeleza, hakumshika bega. Alikunywa chai yake yote mpaka majani, akafuta midomo kwa leso, akaipachika miwani vizuri, akatoa simu. Aliishika mbali na uso, kama wazee wanavyofanya, kwa hiyo tuliisikia sauti ya binti yake sote.

"Mwanangu," akasema, "kesho sipandi basi."

"Baba! Unaumwa?"

"Siumwi. Nina kazi."

"Kazi gani tena, Baba? Si umestaafu?"

Karani akamtazama Mjomba, ambaye hamwoni.

"Kuna mtu anashuka shimoni," akasema. "Mimi ndiye nashika kamba."