Breki ya Shemeji

Wewe mwanamume, mkeo akishikwa na uchungu utakuwa wapi? Baa? Shemeji yangu, mwalimu wa udereva, aliingia leba na dada yangu. Mguu wake hautulii. Hata mezani hukanyaga breki isiyokuwepo. Nikiwa nje ya pazia nilimsikia akipiga sakafu teke: “Polepole, mama. Achia klachi taratibu.”

Mkunga akaonya, “Mtoto anachoka. Sukuma!”

“Polepole...”

“Toa mguu kwenye breki!” dada akafoka. “Leo dereva ni mimi!”

Shemeji akajibu kwa sauti nyembamba kama ya mwanafunzi: “Haya, mama. Kanyaga mafuta.”

Mtoto akalia, na baba yake akalia kumshinda.

Asubuhi aliturudisha nyumbani kwa mwendo wa kinyonga, hata mkokoteni ukatupita. Mtoto akapiga chafya; shemeji akafunga breki katikati ya barabara.