Ramani ya Mji wa Kwao Baba

Nimefungua sanduku la baba leo, na harufu ya kafuri imenirudisha utotoni, siku moja sebuleni kwetu Changamwe. Baba alikuwa akiwasifia wageni mji wa kwao milimani, na maduka yake yaliyopangana hadi soko la ng'ombe. Jirani mmoja akacheka.

"Maneno hayo, jirani."

Nikakimbilia ramani ya zamani ili nimtetee baba. Nikaikunjua mezani, nikafuata kwa kidole mistari iliyozunguka milima mpaka kwenye jina la mji, nikasoma kwa sauti.

"Baba, mbona hapa pana josho la ng'ombe na duka moja tu?"

Uso ukamshuka. Akaikunja ramani taratibu.

"Ramani hii ni ya zamani, mwanangu."

Tangu siku hiyo, akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Hapa hapa Changamwe."