Nakala mbili za Koko

Leo nusura nimpoteze Koko, bibi yetu, mbele ya shangazi, Tantine.

Sura ya Koko imebaki kwenye negatifu moja tu, ile filamu ya picha ambayo nyeupe huonekana nyeusi. Tantine aliitoa Oicha, ndani ya sanduku lake, akanikabidhi huku akinitazama vibaya.

Hapa Beni, Papa Paluku huchapa picha za bluu kwa jua, nami nikampelekea achape ya Koko. Negatifu hulala juu ya karatasi yenye dawa, na dawa inaweza kuitia doa. Nikaomba tutengeneze kwanza nakala yake.

Kwenye chumba cha giza nililaza negatifu juu ya filamu mpya, nikawasha taa kidogo, nikaiosha ile filamu kwenye dawa.

Kilemba cha Koko, cheusi kwenye negatifu, kikatoka cheupe!

(Mimi ni karani. Kwetu nakala isiyofanana na ya kwanza haigongwi muhuri.)

"Papa, nimekosea!"

Akacheka. "We mutu wa bureau! Hapana kuogopa. Kopi ya kwanza inageuza. Fanya kopi ya hiyo kopi, itarudia vile ilikuwa."

Nikafanya. Kweli, kilemba kikarudi cheusi. Hata mkwaruzo wa shavuni upo!

Nilifurahi kwa dakika moja. Halafu nikaziona negatifu mbili mezani, zimefanana kabisa, na sikujua ipi ni ya Tantine.

Nikazigeuzageuza kwenye mwanga.

Tantine akaingia. Akainusa moja, akainusa nyingine.

"Yangu ni hii. Inanuka sanduku."

Jamani, ninyi mngeitambuaje?