Kilichotolewa Kwenye Mafuta Yangu

Binti yangu anafundisha kemia sekondari, Kasulu. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilitoka Murungu na dumu la mawese niliyoyakamua mwenyewe kutoka kwenye michikichi yangu ya bondeni. Nilikuwa na hamu moja tu: arobaini ya mtoto ikifika, mama mzazi wa mkwe wangu aje ale maharage yaliyoungwa kwa mafuta yangu. Mama huyo ni muuguzi mstaafu, kanga zake hata za nyumbani zimepigwa pasi, na tangu siku ya harusi nikikaa mbele yake huwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Binti alifungua dumu, akanusa, akalifunga tena. Namjua, nimemzaa mwenyewe. Nilipombana akasema mafuta yanakwaruza koo. Kwetu mikungu tunairundika mpaka chikichi ziachie zenyewe, maana kuzing'oa mapema ni kujitoboa vidole, na safari hii niliacha rundo likae zaidi kwa sababu mgongo ulinisumbua. Kumbe humo ndani ya rundo asidi ilikuwa inaongezeka. Alimpa mwalimu mwenzake kidogo akapime maabara, jibu likarudi kwamba imezidi.

Nilikasirika. Nikamwambia bibi yake alikula mawese ya namna hiyo mpaka anakufa na meno yake yote. Akacheka, lakini moto akawasha. Aliyapasha mafuta yakawa vuguvugu, akamimina maji yenye kostiki kidogo, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, akakoroga taratibu. Mimi nikanyakua mwiko nimsaidie, nikakoroga kama nasonga ugali, akaniwahi mkono. Ukienda kwa pupa, alisema, mafuta na maji yanashikana na kuyatenganisha ni kazi. Akanieleza kwamba ile asidi ikikutana na kostiki inageuka sabuni, na sabuni inakubali maji, kwa hiyo inashuka nayo chini, mafuta safi yanabaki juu.

Tukasubiri. Chini ukatulia uji mzito wa rangi ya chungwa. Akautenga kwenye beseni, kisha akayaosha mafuta kwa maji ya moto, akarudia na kurudia mpaka maji yakatoka bila povu, akayachemsha kukausha unyevu. Nilionja. Yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililoniuma. Niliutazama ule uji nikaona haya, jamani, kwamba wote ulikuwa ndani ya zawadi yangu na mimi ningeuweka mezani huku najisifu.

Binti hakuumwaga. Aliutia chumvi, akauongezea kostiki, akaupika, akaumimina kwenye boksi tupu la maziwa. Ulipoganda akakata vipande, akavianika dirishani vikauke mpaka siku ya wageni.

Siku yenyewe, yule mama alinawa mikono kwa sabuni ile kabla ya kula, akachukua muda mrefu, halafu akanusa viganja. Maharage aliyasifu kwa adabu, kama mtu anavyosifu chakula chochote cha ugenini. Kilichomkaa moyoni ni sabuni.

"Mkwe, hii mmeipata wapi?" akaniuliza. "Inanukia kama mikono ya mama yangu, kule Kagerankanda, alipokuwa anakamua mawese."

Binti akanitazama. Macho yake yalikuwa yanacheka, ananisubiri niseme. Neno lilikuwa dogo tu, kwamba ni ya mafuta yangu. Lakini nikaliona lile beseni, nikajua nikifungua mdomo tutaulizwa imetengenezwaje, na binti kwa mapenzi yake ya kemia ataeleza yote, mgongo wangu na rundo langu na asidi yangu.

"Ya dukani," nikasema. "Hapo hapo sokoni."

Macho ya binti yakazima. Akainama, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajazimaliza. Mgeni wetu aliomba kipande kilichobaki, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akasema atatafuta nyingine.

Nilirudi Murungu. Siku chache baadaye binti alinipigia simu, sauti yake ya chini, wala hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba mama mkwe wake ameshinda sokoni Kasulu, anapita duka hadi duka, anaomba kunusa sabuni.

Namba ya yule mama ninayo, na mpaka leo nashindwa kumpigia.