Baba Rayyan, Mteja wa Tisa

Admin, nifichie jina, na majina mengine nimeyabadilisha, maana mume wangu yumo humu na huwa anasoma maoni mpaka mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi cherehani hapa Tanga mjini. Nina ndoa ya miaka kumi na moja na mabinti wawili. Mume wangu anafanya kazi mpakani Horohoro, anarudi nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili.

Mwaka jana nilichoshwa na madaftari ya vipimo. Yanalowa, yanachanika, mteja anarudi na kiuno chake hukioni. Nina laptop ya zamani, nikaanza kuieleza AI shida zangu kwa Kiswahili changu hiki hiki, yenyewe inaandika programu, mimi nanakili na kujaribu. Ikikosea naigombeza, inaomba radhi, tunaendelea. Baada ya wiki tatu nikawa na programu inayofunguka bila hata intaneti: jina la mteja, simu, vipimo, bei. Msinicheke, nililia. Mimi niliishia kidato cha pili.

Mume wangu alifurahi kunizidi. Akaniambia, "Mama Salma, kuna dada mmoja Horohoro naye fundi, nimemweleza habari zako. Mfanyie na yeye basi, upate thawabu." Akaileta laptop ya huyo dada, nikamwekea bure. Baadaye dada akaomba sehemu ya nguo za watoto wachanga, nikaiongeza. Nikiuliza mbona hanipigii simu mwenyewe, naambiwa, "Ana haya yule."

Ijumaa iliyopita mume wangu aliileta tena ile laptop, programu imegoma kufunguka. Jumatatu, yeye ameshaondoka, nikaiandikia AI maneno ya kosa yaliyotokea kwenye kioo. Ikaniambia kuna mahali pa namba mtu ameandika maneno, nikamtazame mteja wa tisa. Kwenye bega la kushoto pameandikwa "limeshuka nusu inchi". Jina, Baba Rayyan. Shingo kumi na sita, urefu wa kanzu hamsini na nane. Jamani, mwili huo naushonea mimi tangu nimeolewa. Namba ya simu ni ya mume wangu. Chini, penye maelezo, yule dada ameandika, "halipi, ni mume wangu." Mteja wa kumi ni Rayyan mwenyewe, miezi mitano.

Nilikaa pale mpaka wali ukaungua.

Dini imemruhusu kuoa, hilo sibishani nalo. Kinachoniua ni kwamba alinitumikisha. Alikaa pembeni yangu akinisifia huku nampangia vipimo vya mtoto wake wa nje ya nyumba yangu, nami namuuliza, "Baba Salma, hapa pamekaa vizuri?" Na yule mwanamke pengine naye hajui mimi ni nani, anadhani ni dada tu wa Tanga mwenye moyo mzuri. Najikaza nimchukie, nashindwa.

Programu nimeshaitengeneza, inafunguka. Leo mchana mume wangu kapiga simu, "Vipi, imepona?" Nikamjibu bado.

Ijumaa anakuja kuichukua. Nyinyi mlioonja uke wenza, nishaurini: nimkabidhi laptop ninyamaze kwa ajili ya wanangu, au nipande basi niipeleke mwenyewe Horohoro, nikabishe hodi kwa mwenzangu na kumwambia kuwa mimi ndiye mke wa Baba Rayyan?